RANGI HAIZIBI UFA

Sakafu za kambi na vituo zitibiwe kwanza, ndipo zipakwe

Kila askari aliyewahi kukaa kambini au katika laini za polisi anazijua siku mbili za mwisho kabla ya ukaguzi. Majani hufyekwa, mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa, na madebe ya rangi nyekundu hutolewa ghalani ili sakafu zipakwe. Siku ya tatu mkubwa hupita, buti zake zikilia juu ya sakafu inayong'aa, naye husifu usafi. Lakini baada ya msimu mmoja wa mvua sakafu ile ile huanza kubanduka maganda, na ufa uliofichwa chini ya rangi huchomoza tena mahali pale pale, nao ni mrefu kuliko ulivyokuwa.

Hapo ndipo wengi husema kwamba rangi ilikuwa mbovu. Mara nyingi rangi haina kosa lolote. Kosa ni la aliyeipaka juu ya jeraha. Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema usipoufunika. Kuziba na kufunika ni mambo mawili mbalimbali, na tofauti iliyopo kati yake ndiyo habari ya makala haya.

NCHI YA SARUJI

Jambo hili lina maana ya pekee katika pande za Busitema, yaani katika Wilaya ya Busia na jirani yake Tororo, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya. Hii ni nchi ya saruji. Askari aliyepitia kambi ya Rubongi anaukumbuka Mwamba wa Tororo unaosimama peke yake juu ya mji. Mawe ya chokaa ya vilima vya Tororo ndiyo yaliyofanya kiwanda cha saruji kijengwe hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kiwanda hicho kilikuwa mali ya umma, na katika miaka ya 1990 kikauzwa na kuwa kampuni ya Tororo Cement. Magari yanayopeleka saruji hupita usiku na mchana katika barabara kuu, yakikatiza msitu wa Busitema kuelekea Jinja na Kampala.

Basi mtu angedhani kwamba watu waishio mlangoni pa kiwanda cha saruji hawana shida ya sakafu. Lakini wingi wa saruji hauzuii ufa. Ukiingia katika ofisi, maghala, karakana na nyumba za watumishi kuanzia Malaba hadi Busia, pande zote mbili za mpaka, utaziona nyufa za kila namna. Nchi hii hupata mvua mara mbili kwa mwaka, kwanza kati ya Machi na Mei, kisha karibu na Septemba hadi Novemba. Na katikati yake huja jua kali. Udongo ulio chini ya nyumba hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukanywea, na sakafu iliyo juu yake haina budi kuonja mabadiliko hayo.

UFA UNA WAPANGAJI

Huenda askari akauliza: ufa wa sakafuni una ubaya gani, maadamu paa halivuji? Jibu la kwanza ni la afya. Katika Afrika ya Mashariki wako wadudu ambao makao yao ni nyufa. Papasi hujificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta, na usiku hutoka kumnyonya aliyelala. Aweza kukaa miaka bila chakula, akingoja tu. Mwaka 1904, Ross na Milne, waliokuwa wakitibu wagonjwa Uganda, walieleza kwamba homa ile inayopoa na kurudi tena huletwa na papasi. Mwaka uliofuata, 1905, Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo huo Kongo, aliambukizwa, akafariki huko Kasongo. Siku zile askari na wapagazi waliolala katika nyumba za njiani waliijua homa hiyo vizuri, kwa sababu nyumba hizo zilikuwa na nyufa zilizojaa papasi.

Siku hizi papasi wamepungua sana mahali pengi, na sakafu bora ni mojawapo ya sababu zake. Lakini viroboto na funza hawajatoweka. Mayai yao huanguliwa katika vumbi, na ufa ni sanduku la vumbi ambalo ufagio haulifikii. Mwaka 2010 funza waliwasumbua maelfu ya watu katika Busoga, jirani kabisa na Busitema kwa upande wa magharibi, na wako waliopoteza maisha. Watoto wa askari hulala na kucheza sakafuni; wao ndio wa kwanza kulipa deni la ufa.

Jibu la pili ni la kazi. Katika ghala la silaha, ufa ulio wazi hupandisha unyevu kutoka ardhini, nao unyevu huleta kutu. Katika zahanati, damu na uchafu huingia ndani ya ufa, na hakuna dawa ya kuoshea itakayoufikia vyema. Katika karakana, mafuta hushuka ndani yake, na mahali palipokunywa mafuta hapashiki rangi.

Jibu la tatu ni la fedha. Rangi inayobanduka hununuliwa mara mbili, na mara ya pili hudai kazi zaidi, kwa kuwa ile ya kwanza lazima ikwanguliwe yote.

KWA NINI ZEGE HUPASUKA

Saruji haikauki kama matope. Hushikana na maji na kugeuka jiwe. Mfuko wa kilo 50 unahitaji maji yapatayo lita 20 tu ili ugeuke jiwe kamili. Fundi huongeza kidogo ili mchanganyiko ufanyike kwa urahisi, na lita 25 si vibaya. Lakini vibarua waliochoka hupenda zege liteleze lenyewe, basi humimina lita 35 au 40. Maji yale ya ziada hayana kazi. Hutoka polepole kama mvuke, na zege hunywea.

Zege zuri nalo hunywea, ila kwa kadiri. Kipimo cha kawaida ni kama nusu milimita kwa kila mita moja. Katika chumba cha mita sita hiyo ni milimita tatu. Milimita hizo tatu lazima zitoke mahali fulani, na ikiwa fundi hakuzipangia mahali, zege litajichagulia lenyewe. Ndiyo maana sakafu yenye unene wa sentimita 10 hukatwa mistari kila baada ya mita tatu hivi. Mistari hiyo si pambo. Ni mipasuko iliyopangwa, iliyonyooka, isiyomdhuru mtu.

Sababu nyingine ni jua. Zege lililomwagwa asubuhi na kuachwa wazi mchana wa Busitema hukauka juu kabla halijapata nguvu, likatoka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Na sababu iliyo mbaya kuliko zote iko chini: kifusi kilichojazwa haraka bila kushindiliwa. Kikishuka, sakafu hubaki ikining'inia hewani, na siku moja huvunjika.

ULIZA KWANZA: UFA HUU UNAISHI AU UMEKUFA?

Daktari hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Vivyo hivyo, kabla ya kushika mwiko, ni lazima ujue kama ufa unaishi au umekufa. Ufa uliokufa ni ule uliotokea wakati zege likinywea, kisha ukatulia. Ufa unaoishi ni ule unaoendelea kupanuka, kurefuka, au kufunguka na kufunga kwa majira.

Vifaa vya kupimia ni penseli na kipande cha kioo. Kwenye kila ncha ya ufa chora mstari mfupi, uandike na tarehe. Kisha chukua kipande chembamba cha kioo, ukilaze juu ya ufa, na ukishikishe kwa saruji upande huu na upande ule. Ukiona baada ya wiki kadhaa ufa umepita mstari wako, au kioo kimevunjika, ujue ufa unaishi. Ingefaa kungoja hadi mvua moja na kiangazi kimoja vipite. Kioo hakiogopi cheo cha mtu; kitasema kweli hata mbele ya mkaguzi.

Ziko dalili nyingine ambazo hazihitaji kungoja. Pitisha kiganja juu ya ufa: ikiwa upande mmoja uko juu kuliko mwingine, sakafu imeshuka. Tazama kama ufa unapanda ukutani. Ukipanda, habari si ya sakafu tena bali ni ya msingi. Tafuta alama za kutu, maana hizo zinaonyesha kwamba chuma kilicho ndani kinaliwa. Gonga kwa nyundo kandokando ya ufa. Sauti ya mtungi mtupu maana yake ni kwamba pana uwazi chini. Lolote kati ya hayo likionekana, aitwe mhandisi wa ujenzi, na rangi irudishwe ghalani. Kupaka rangi hapo ni kuwadanganya watakaolala chumbani humo, na mficha maradhi kilio humfichua.

JINSI YA KUTIBU UFA ULIOKUFA

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizo juu juu tu, hazihitaji kuchimbwa. Zisuguliwe kwa brashi ya waya, zioshwe, kisha usugue uji mzito wa saruji hadi uingie ndani. Ufa mpana kuliko huo hutibiwa kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, uchimbe kwa tindo na nyundo uwe mfereji wenye upana wa sentimita moja au zaidi, na kina cha sentimita mbili hivi. Kingo zake zisimame wima, na ikiwezekana chini pawe pana kidogo kuliko juu, ili kiraka kisiweze kung'oka. Watu wengi huuacha mfereji wenye kingo zilizolala kama sahani. Huko kiraka huwa chembamba kama karatasi, na ndiko huanza kubanduka. Anayechimba afunge pua na mdomo kwa kitambaa na kunyunyizia maji, kwa sababu vumbi la zege huharibu mapafu.

Pili, ondoa vumbi lote. Fagia, puliza, osha, kisha osha tena. Vumbi likibaki, kiraka kitashika vumbi badala ya kushika sakafu. Ikiwa palimwagika mafuta, sugua kwa sabuni na maji ya moto mara kadhaa. Yakiwa yamezama sana, lichongwe zege lenyewe hadi lionekane safi.

Tatu, loanisha mfereji usiku kucha, na asubuhi ufute maji yaliyotuama. Zege kavu litayafyonza maji ya kiraka kabla saruji haijashikana, na zege lenye dimbwi litakidhoofisha. Linalotakiwa ni zege lililoshiba maji lakini lisilong'aa kwa maji.

Nne, pakaza uji wa saruji ndani ya mfereji kwa brashi, na kabla uji huo haujakauka ujaze mchanganyiko wa saruji kipimo kimoja na mchanga vipimo vitatu. Mchanga uwe umeoshwa na kuchekechwa. Saruji iwe mpya. Ile iliyokaa ghalani mpaka ikafanya mabonge imekwisha kazi yake. Maji yawe machache, kiasi kwamba mchanganyiko ukifinyangwa mkononi hukaa pamoja bila kutiririka. Shindilia kwa ncha ya mwiko, kisha sawazisha. Mchanganyiko ulioanza kukaza usiongezwe maji ili kuufufua, utupwe.

Tano, na hii ndiyo hatua inayosahauliwa kuliko zote, funika kiraka kwa magunia yaliyoloweshwa na uyanyweshe maji kwa siku saba. Katika kambi hii ni kazi rahisi, kwani yupo askari wa zamu mchana na usiku. Iandikwe katika daftari la zamu kama kazi nyingine yoyote: asubuhi, mchana na jioni, magunia yamenyweshwa.

Ziko pia dawa za kisasa, hasa epoksi, ambayo ni utomvu wa sehemu mbili unaochanganywa wakati wa kutumia. Epoksi hushika kwa nguvu kuliko zege lenyewe, lakini aina nyingi hutaka sakafu kavu kabisa, na kipimo cha sehemu hizo mbili hakikisiwi kwa macho. Anayeitumia avae glavu na afungue madirisha.

UFA UNAOISHI

Ufa unaoishi usizibwe kwa saruji wala kwa kitu chochote kigumu. Ukifanya hivyo, sakafu itapasuka tena pale pale au kando yake. Ikiwa chanzo ni maji ya paa yanayoanguka kando ya ukuta na kulowanisha msingi, chimba mfereji wa kuyaondoa. Kazi hiyo ya koleo inaweza kutuliza ufa kuliko madebe kumi ya rangi. Ikiwa kifusi kimeshuka, kipande kile cha sakafu kivunjwe, kifusi kishindiliwe kwa tabaka, nailoni nene itandikwe, na zege jipya limwagwe. Na ikiwa ufa hufunguka na kufunga kwa sababu ya joto na baridi tu, basi ufanywe mstari ulionyooka na kujazwa kitu chenye mvuto kama mpira. Rangi nayo ikatwe juu ya mstari huo, isiuvuke.

SUBIRA KABLA YA BRASHI

Kiraka kikishakaza, mtu hutamani kupaka siku ile ile. Hapa subira ni sehemu ya ufundi. Saruji mpya ina ukali unaokula rangi za mafuta na kuzifanya ziwe kama sabuni. Desturi ya mafundi ni kungoja siku 28. Hata baada ya hapo, fanya majaribio mawili yasiyogharimu kitu.

La kwanza ni la unyevu. Chukua kipande cha nailoni chenye mraba wa sentimita 45 hivi, kilaze sakafuni, na ubandike kingo zake zote zisipitishe hewa. Kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi, ardhi bado inapumua maji, usipake. La pili ni la kushika. Dondosha matone ya maji sakafuni. Yakifyonzwa upesi, rangi nayo itaingia. Yakibaki kama shanga, pana mafuta, nta ya zamani au utando laini wa saruji, na hapana budi pakwanguliwe. Wako wanaotumia asidi kuondoa utando huo. Atakayeitumia na akumbuke kutia asidi katika maji, asitie maji katika asidi, avae glavu na kinga ya macho, kisha aoshe sakafu mara nyingi.

Ndipo sasa brashi ishikwe. Mipako miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mnene, na wa pili ungoje wa kwanza ukauke. Mahali panapopitwa na buti zenye maji, kama mlangoni pa chumba cha gadi, nyunyiza mchanga mwembamba juu ya mpako wa kwanza kabla haujakauka, watu wasiteleze.

NENO KWA WAKUBWA NA WADOGO

Ukihesabu, utaona kwamba kazi hii yote hudai kama wiki sita, kuanzia siku ya kuchimba hadi siku ya kupaka, mbali na muda wa kuutazama ufa. Siku mbili za kabla ya ukaguzi hazitoshi hata kunywesha kiraka. Kwa hiyo atakaye sakafu njema aanze wakati wa kiangazi, Desemba au Januari katika pande za Busitema, si wakati barua ya ukaguzi imekwisha kufika.

Kwa wakaguzi nako kuna la kusema. Sakafu inayong'aa hueleza habari za jana tu. Mkaguzi anayetaka kujua habari za mwaka mzima ainame, atafute alama za penseli zenye tarehe, aulize daftari la magunia. Akikuta ufa mmoja umeachwa bila rangi, na pembeni yake kioo kilichovunjika na maandishi yasemayo kwamba ufa huu unaishi na mhandisi ameandikiwa, asimkaripie koplo aliyeuacha. Koplo huyo amefanya kazi ya mlinzi: ameona hatari, ameitolea habari, na hakuifunika.